Mjukuu Asiyesomeka

Hospitali moja mjini Dharan ilimpa Sumnima kazi ya kutengeneza tovuti ya kuwapelekea wazazi sauti ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mtoto wa kwanza kujaribiwa nayo alikuwa wake mwenyewe, baada ya mimba mbili kuharibika.

Nyumbani, alibonyeza kitufe cha kusikiliza. Skrini ya kompyuta ikajaa herufi zisizo na maana.

"Ndiyo huyu mjukuu wangu?" mama mkwe akauliza huku akimenya vitunguu saumu. "Mbona hasomeki, kama mwandiko wa baba yake?"

"Mama, acha utani."

Sumnima akarudi kwenye programu. Sauti ilikuwa imefika salama, ila seva iliyoituma iliitambulisha kwa kivinjari kuwa ni maandishi. Akafuta neno moja, akaandika kwamba hii ni sauti. Akabonyeza tena.

Du-du, du-du, du-du. Mbiombio, bila kupumzika.

Mama mkwe akaweka kisu chini. Akainama, akalaza sikio lake lenye hereni nzito ya dhahabu juu ya kompyuta, akafumba macho.

"Taratibu, mjukuu wangu," akanong'ona. "Nani anakukimbiza? Sisi tupo."