Pumzi Kumi na Moja

Mwalimu wa darasa la jirani alimwambia mwalimu mlezi, msimamizi wa mafunzo, kwamba yule fundi wa kuchomelea vyuma aliyeletwa kujifunza ualimu husahau somo katikati. "Anauliza swali, mwenzangu, halafu anaduwaa kama nguzo ya umeme! Leseni umpe ya nini?"

Mlezi akaketi nyuma ya darasa na fomu yake. Sahihi yake ingempa fundi huyo, Begaye, leseni ya ualimu; bila hiyo angerudi karakana.

Begaye aliandika nusu na robo ubaoni, akamuuliza binti ambaye hakuwa amesema neno tangu Septemba ni ipi kubwa. Kisha akanyamaza. Mikono yake yenye makovu ya cheche ilitulia tuli.

Mlezi akahesabu pumzi zake: nne, saba, kumi. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, hakuwahi kusubiri zaidi ya mbili.

Pumzi ya kumi na moja, midomo ya binti ikacheza. "Nusu. Mkate wa bibi, tukiwa wawili tu, napata kipande kikubwa."

Darasa zima likageuka kumtazama.

Kengele ilipolia, mlezi alitia sahihi, akamfuata Begaye mlangoni.

"Mwalimu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "kesho utakuja darasani kwangu, unionyeshe ni wapi ninapowakatiza watoto?"