Mwanamke Asiyesikia

Ndani ya kinu hamkuwa na hata kapi moja.

Rugaya aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, Jumatatu, akiwa amepiga magoti shimoni na brashi mkononi. Mita tatu za jivu la volkano ya mlima Tambora zilikuwa zimechimbwa na kuondolewa. Kinu kilikuwa kimegeuka mkaa, ukingo wake umemegukameguka kwa mapigo. Kando yake ililala mifupa ya mwanamke, vidole bado vimeufumbata mchi. Kikapu cha mpunga kilikuwa ukutani, kimejaa pomoni, hakijaguswa.

"Bwana Profesa," alianza, "kinu hiki..."

"Umeshakisafisha? Vizuri. Nenda kwenye mitungi."

Akaenda kwenye mitungi. Shule aliiachia darasa la nne, na sauti yake aliizoeza kuitikia tu.

Alhamisi wageni walikuja kutoka mjini, na kibao cha maelezo ya mifupa ile kilikuwa tayari kupigiliwa misumari. Profesa Wiryawan alikisoma kwa sauti, kidevu juu.

"Mwanamke Asiyesikia. Mwaka 1815 mlima ulinguruma siku tano. Yeye aliendelea kutwanga mpunga wake."

Wageni wakacheka.

"Mbona nyumba ina mikeka minane?" mmoja aliuliza. "Wengine wako wapi?"

"Wale saba walikuwa na akili. Walikimbia."

Wakacheka tena, safari hii zaidi.

Nyuma ya turubai, Rugaya alikuwa akitwanga kahawa ya wageni hao hao. Kila kicheko kilipomfikia, aliushusha mchi kwa nguvu zaidi. Kesho watoto wa shule wangeletwa kukisoma kibao kile, na mwanamke yule angechekwa mpaka na wajukuu wa watoto hao.

"Usinitwangie hasira humo," alisema Mama Saodah, mpishi. "Kahawa yenyewe chungu tayari. Kama una neno, wapelekee wenyewe."

"Wataniuliza nimesoma wapi."

"Waambie kwa Mama Saodah, chuo kikuu cha masufuria."

Rugaya hakucheka. Nje, nyundo iligonga msumari wa kwanza.

Akaimwaga kahawa yote kwenye sinia. Akakiburuta kinu hicho cha kahawa, sasa kitupu, mpaka uwanjani, mbele ya viatu vilivyong'arishwa vya wageni, akainua mchi. Akapiga ukingoni, akapiga ndani, ukingoni, ndani, haraka haraka, mpaka vipande vya mti vikaruka.

"Wewe binti!" Profesa alifoka. "Umeingiwa na nini? Nani mwenye akili zake hutwanga hewa?"

Mabega yalimuuma Rugaya, viganja vikamwaka moto, naye akazidi kupiga.

Wa kwanza kutokea alikuwa Babu Jamalu, ndala mguu mmoja, ndoo mkononi. Nyuma yake watu wa mashamba ya kahawa waliporomoka mteremkoni wakiwa na mapanga, wanawake wamefunga watoto mgongoni. Kinyozi alikuja na wembe wake, na mteja wake alikuja na nusu kichwa kilichonyolewa. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa kijiji kizima.

"Kuna nini, mjukuu wangu, mpaka upige kinu cha hatari?" Babu Jamalu alihema. "Moto? Mlima? Sema basi, tukimbilie upande gani?"

Nyundo ilinyamaza. Profesa aliitazama ndoo, akawatazama watoto migongoni, kisha akautazama mchi.

Rugaya akaushusha. Sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kuliko aliyodhani anayo.

"Kinu chake kilikuwa kitupu hivi hivi, Bwana Profesa. Wale saba walikimbia kwa sababu yeye hakuacha kupiga."