Gari Lililojibu Salama

Siku hizi malalamiko ya gari hayapokelewi mpaka gari lenyewe likiri kwamba linaumwa. Kwa miezi mitatu Sekela alilipeleka lake karakana, waipa zikicheza kwenye jua kali, honi ikilia yenyewe hata msibani. Na kila fundi Ambakisye alipouliza, "Habari yako?" gari lilijibu, "Salama."

"Mgonjwa mwenyewe anasema mzima, dada. Mimi ni nani nimbishie?"

Leo Sekela uvumilivu ulimshinda. "Hili limejifunza salamu kwangu, fundi. Nani kwetu anataja ugonjwa kwenye salamu ya kwanza? Endelea kulisalimia!"

Ambakisye akainama dirishani. "Habari za tangu juzi? Za utokako?"

"Salama," likasema, kisha likashusha sauti. "Salama tu, ila nyaya za mbele zimeungua."

Sekela akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni alirudi nyumbani na gari zima, waipa zimetulia, roho kwatu. Walipofika getini likajizima.

"Habari za nyumbani, dada?" likauliza.

"Salama," akajibu, mkono ukiwa kwenye kitasa cha gari.

Mlango haukufunguka.

"Na za shemeji?" likauliza kwa upole. "Za tangu juzi?"