Hodi ya Mama

Katika jengo zima la utafiti hapa chuoni, hakuna msafishaji anayenifikia. Siku hizi vumbi hushika sauti, ukilipuliza linairudia, nasi hulifuta lote kila Ijumaa. Ukingo mmoja tu wa dirisha haupanguswi, kwa heshima ya marehemu mama, aliyesafisha hapa kabla yangu. Umebaki na neno lake la kila asubuhi: "Hodi, vyumba vyangu!"

Jana dada Mwanahawa alimleta mwanawe mchanga amsikie bibi. Akaupuliza ukingo ule. Kimya.

"Watakuwa wamefuta wale wa zamu ya asubuhi," nikasema. "Vipofu wale!"

Akapuliza tena kwa nguvu. Vumbi jipya likapiga mluzi wangu wa kazini, kisha likajisifu kwa sauti yangu: "Panang'aa kama upara wa profesa!"

"Shebe," dada akasema, "mtoto anacheka. Nimwambie huyo ndiye bibi?"