Hirizi ya Nyamizi

Mashine ya kupukuchua mahindi ilipomkata Lufunga mkono, watu walisema kalogwa. Mashauri, mwenye mashine, hakubisha. Maneno hayo yalimfaa.

Sasa Nyamizi, mke wa Lufunga, ndiye aliyeshika kazi ile. Siku ya kwanza alikuja na hirizi mkononi, kamba yake ndefu ikining'inia.

"Hiyo ivue, shemeji," Mashauri alimwambia.

"Niivue ili yanipate yaliyompata mume wangu?"

Mashauri akawasha injini.

Nyamizi aliinama na karai la mahindi. Kamba ikacheza karibu na mkanda wa mashine, ikarudi, ikacheza tena. Mashauri alipiga kelele, injini ikaimeza sauti yake. Akakimbia kuizima. Mkanda ulizunguka polepole, kisha ukasimama, kamba imeulalia.

"Kuna nini, shemeji?"

Mashauri alikwenda kwenye banda la kuku, akaling'oa bati zito lililoziba mlango, akarudi nalo. Lilikuwa na matundu manne ya bolti.

"Hiki ndicho kifuniko cha mkanda," alisema. "Nilikitoa mimi, kilikuwa kinanichelewesha kila mkanda ulipochomoka. Wiki moja kabla ya Lufunga kuumia."

Nyamizi alikipokea, akakiweka juu ya mkanda. Kikakaa sawasawa. Watu waliokuwa wakisubiri zamu wakasogea kuona.

Kisha akaanza kukifungua kifundo cha hirizi kwa meno, taratibu, bila kumwondolea Mashauri macho.