Kamera ya Kuvaa Shingoni

Muuza duka aliziweka kamera mbili juu ya meza: moja ndogo ya mfukoni, nyingine kubwa, ya kubadilisha lenzi.

"Zote picha safi, bibi. Ila kwa harusi, kubwa. Hata taa zikififia haikuangushi."

Bi Mwanashaha alikuwa ameshakubali kupiga picha harusini Ijumaa, upande wa wanawake. Mumewe, Mzee Feruzi, alikuwa ameshakataa: watu watamcheka yeye, mume.

"Chukua ndogo, shoga," alinong'ona rafiki yake Zamzam. "Unaificha hata kwenye sidiria. Mzee hatajua."

"Sidiria yangu ina wapangaji wa kutosha."

Muuza duka akajifanya anapangusa meza.

"Mwanashaha, atakuacha!"

"Nitampiga picha akitoka."

Akaivaa ile kubwa shingoni, juu ya buibui, mfuko akaukataa. Njia ya uchochoroni aliiona, akaiacha. Akapita barazani, mumewe alipokuwa akicheza dhumna na wenzake.

Vicheko vikakatika. Mzee Feruzi akainua mkono polepole, labda ajifiche uso, labda aweke kofia sawa.

Bi Mwanashaha akatoa kifuniko cha lenzi, akaweka jicho kwenye kamera.