Droo Iliyomfungukia Mama

Droo ya dawa hufunguka pale tu bangili ya mkononi mwangu inapoona moyo wangu umetulia. Ndiyo sheria ya kazi yetu: mfamasia mwenye wasiwasi hukosea dozi. Kwa hiyo hatuwezi kuwahudumia tunaowapenda, maana mbele yao moyo hautulii. Chuoni tulifundishwa kupumua taratibu mbele ya watoto wanaolia, nami nilifaulu vizuri mno.

Mama analijua hilo, lakini kila mwanzo wa mwezi huja dukani kwangu, hapa Uyole, na cheti chake cha dawa za presha. Anasimama dirishani, droo inagoma, anawageukia wateja akicheka.

"Mmeona? Huyu Tumpe bado ni mwanangu."

Kisha hupanda gari hadi Mwanjelwa, kwa mfamasia asiyemjua. Miaka kumi na moja hajaacha, hata nikimwambia anajichosha bure.

Leo alikuja amelowa mvua. Nilipokea cheti, nikamuuliza kama anakunywa dawa baada ya kula, kama ninavyomuuliza kila mtu. Droo ikafunguka. Mkono wangu ulishatoa pakiti kwa mazoea kabla sijaelewa kilichotokea.

Hapo ndipo moyo ulipoanza kunidunda, na droo ikajifunga kwa kishindo. Lakini mama alikuwa keshaipokea pakiti, kwa mikono miwili. Safari hii hakucheka.

"Asante, dokta," alisema, akasogea kumpisha mteja wa nyuma yake.